Wigi jeupe limemezwa na ukuta mweupe, je ninunue kamera mpya?

"Habari mtaalamu. Napiga picha za kosplei, yaani watu waliovaa kama wahusika wa katuni, hapa Nairobi, bado najifunza. Juzi rafiki yangu aliniomba nimpige akiwa mhusika wa anime, zile katuni za Kijapani, mwenye nywele nyeupe, koti refu jeupe na deraya ya fedha mabegani ambayo ameitengeneza mwenyewe kwa foamu. Tukakodi studio yenye ukuta mweupe tukijua ndo kitu rahisi kuliko vyote, kumbe wapi. Picha za kwanza ukuta ukatoka wa kijivu kabisa. Nikaongeza mwanga, ukuta ukawa mweupe lakini wigi likapotea, kichwa kinaonekana kama kimekatwa kwa juu, halafu picha nzima ina ukungu fulani. Uso wake, na yeye ni mweusi haswa, ukatoka rangi ya majivu. Upande mmoja wa ukuta una ukijani. Miguu inaelea. Nilitumia taa mbili za LED za studio na flashi yangu moja ndogo juu ya kamera, kamera yenyewe ni ya sensa ndogo (kile kibamba cha ndani kinachonasa picha), ya zamani kidogo. Wengine wananiambia ninunue fulu fremu, ile kamera ya sensa kubwa, mwingine anasema nipigie kwenye kitambaa cha kijani halafu nikate kwenye kompyuta. Kitu kingine, alivaa lenzi za macho za buluu alizoazima kwa mwenzie, tangu jana jicho moja ni jekundu na anasema flashi ndo imemuumiza. Ni kweli?"

Dada, tuanze na jicho, picha zitasubiri. Flashi haijamuumiza. Mwanga wa flashi ya studio unadumu sehemu ndogo sana ya sekunde, unakera, unakuachia vidoa machoni kwa muda kidogo, basi, haufanyi jicho liwe jekundu mpaka kesho yake. Ninayemshuku ni hiyo lenzi ya kuazima. Konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, oksijeni yake inaipata hewani na kwenye machozi, sasa ukiifunika kwa lenzi ya rangi ambayo haikupimwa kwa jicho lako, imeshabeba vijidudu vya jicho la mtu mwingine na pengine ilisuuzwa kwa maji ya bomba, unaikosesha hewa na kuipandia ugonjwa kwa mpigo mmoja. Maambukizi ya konea yanaweza kuacha kovu na kuharibu uwezo wa kuona, na mengine yanakwenda mbio sana. Kwa hiyo atoe lenzi zote mbili, asizirudishe, asitie matone yaliyobaki kabatini kwa sababu mengine yana steroidi na yanaweza kuchochea moto, aende kwa daktari wa macho leo hii. Hapo Nairobi mna Lions SightFirst kule Loresho, na Kikuyu kuna hospitali ya macho ya PCEA. Abebe hizo lenzi na kikasha chake, daktari anaweza kutaka vipimwe. Na kama pamoja na wekundu kuna maumivu, anaogopa mwanga au anaona ukungu, hiyo ni dharura, mpigie simu sasa hivi kabla hujamaliza kunisoma.

Haya. Sasa picha.

Hofu yako naielewa, unaona umelipia studio, rafiki kahangaika na vazi, halafu mambo karibu yote yameharibika kwa wakati mmoja na unajiuliza kama kamera ndo mbovu. Kamera haina kosa hata kidogo, nitakuonyesha kwa hesabu huko mbele. Kilichokuponza ni ile imani ya kwamba ukuta mweupe ni rahisi. Ukuta mweupe ni mgumu, na mtu aliyevaa nyeupe mbele ya ukuta mweupe ndo mtihani wa mwisho kabisa wa studio, wewe umeanzia hapo.

Kwanza kwa nini ukuta ulitoka kijivu. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinaangalia nini, kinachojua ni kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Rangi nyeupe ya ukuta inarudisha kama asilimia 90. Kamera ikiona fremu nzima nyeupe inadhani mwanga umezidi, inaupunguza hadi ule weupe uwe kijivu, tofauti yake ni stopu 2 na kidogo, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni umbali. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, yaani taa ikiwa mita 1 kutoka kwa rafiki yako na ukuta uko mita 1 nyuma yake, ukuta uko mita 2 kutoka kwenye taa kwa hiyo unapata robo tu ya mwanga anaoupata yeye. Robo ni stopu 2 nzima. Hata ukuta uwe umepakwa rangi jana, utatoka kijivu tu.

Ndo maana huwa nasema weupe wa bakgraundi hautoki kwenye rangi ya ukuta, unatoka kwenye kiasi cha mwanga ulichoupeleka pale. Ukuta uleule mmoja, bila kuugusa, unaweza kuufanya mweupe, kijivu cha mwanga, kijivu kizito, hadi karibu na nyeusi, kazi yote ni taa na umbali. Mtu akishalishika hili nusu ya matatizo ya studio yanaisha.

Wewe ulipoona kijivu ukaongeza eksposha, yaani kiasi cha mwanga, ya picha nzima. Hiyo ni sawa na kumwaga chumvi sufuria nzima kwa sababu mgeni mmoja kasema sahani yake haijakolea. Ukuta ulipanda ukafika mweupe, sawa, lakini na wigi lilipanda, na koti, na vyenyewe vilikuwa vyeupe tangu mwanzo, vikapita mpaka ambao sensa inaweza kurekodi na pale juu hakuna tena nyuzi wala kivuli, ni weupe mtupu uliokutana na weupe mtupu. Kichwa hakijakatwa, kimeyeyuka.

Dawa yake ni kuzifanya kazi mbili tofauti. Mtu ana taa zake, ukuta una taa zake, na taa ya huyu haimgusi yule. Msogeze rafiki yako mbele, mita 2 na nusu hadi 3 kutoka ukutani. Weka taa mbili za ukuta, moja kila upande, ziangalie ukuta kwa pembe, na kila moja uizibe kwa upande wa mtu na upande wa kamera kwa kipande cha kitu cheusi, hata boksi lililopakwa rangi nyeusi linatosha, ili isimmwagikie yeye kwa nyuma. Halafu taa yake yeye, kubwa na laini, mbele.

Ukuta uwe na mwanga kiasi gani? Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanasikia ukuta uunguzwe, yaani upigwe mwanga hadi uwe mweupe mtupu, basi wanaunguza kwelikweli. Kama studio wana kipima mwanga cha mkononi, waombe. Pima usoni kwake, tuseme imesoma f/8, hiyo ni namba ya tundu la lenzi, na ikisoma namba kubwa zaidi ujue mwanga ni mwingi zaidi. Pima ukutani, kipima kikiwa kimegusa ukuta na kuangalia kamera. Ukuta nao ukisoma f/8 tayari utatoka karibu na mweupe kwa sababu ni rangi nyeupe iliyopigwa mwanga sahihi. Ongeza nusu stopu, au ikizidi sana stopu moja, yaani usome f/11, umeshafika nyeupe safi. Zaidi ya hapo hupati weupe zaidi, hakuna weupe juu ya weupe, unachopata ni matatizo. Huna kipima? Washa lile onyo la kamera linalomweka, yaani linalowaka na kuzima, penye mwanga uliozidi, halafu pandisha taa za ukuta kidogokidogo mpaka ukuta unaanza kumweka, na wigi lisimweke hata kidogo. Wigi likianza kumweka rudi nyuma.

Ule ukungu nao unatoka hapohapo. Ukuta mkubwa ulioungua ni taa kubwa iliyoelekezwa moja kwa moja ndani ya lenzi yako ya kamera. Mwanga unaingia, unarukaruka kati ya vioo vya ndani, unamwagika juu ya picha nzima na kila kilichokuwa cheusi kinakuwa kijivu. Tena ukuta ukiwa karibu na mtu, mwanga wake unamzunguka kutoka nyuma na kula kingo za nywele na mashavu. Kwa hiyo punguza ukuta, usiwashe zaidi ya unachohitaji, na sehemu za ukuta zilizo nje ya fremu zifunike kwa vitambaa vyeusi, kamera haizioni lakini lenzi inazihisi. Ivalishe lenzi ya kamera ile kofia yake ya mbele ya kukinga mwanga wa pembeni (hudi), futa kioo cha mbele alama za vidole, na kama una kile kifilta cha bei rahisi cha kulinda lenzi kitoe ukiwa studio.

Sasa tuje kwenye siri yenyewe, maana hata ukifanya yote hayo sawasawa bado una wigi jeupe mbele ya ukuta mweupe. Watu hapa huongeza taa ya nyuma ya nywele ili kichwa kijitenge. Kwa wigi jeusi ni sahihi, kwa jeupe ndo unamalizia kulifuta. Nyeupe juu ya nyeupe haitengwi kwa mwanga, inatengwa kwa giza. Tafuta vibao viwili vikubwa vyeusi, au vitambaa vyeusi vizito umevitundika kwenye stendi, urefu wa mtu, visimamishe kulia na kushoto kwake karibu kabisa, nje kidogo tu ya fremu. Mbona inafanya kazi? Angalia tawi moja la nywele za wigi, ni la mviringo, katikati yake inaangalia kamera lakini kingo zake zinaangalia pembeni, na kila kitu kinachong'aa kinarudisha kile kinachokiangalia. Pembeni kukiwa na ukuta mweupe kingo zinarudisha weupe. Ukiweka kitu cheusi, kingo zinarudisha weusi, na ghafla kila tawi la nywele linapata mstari mwembamba wa kijivu pembeni kana kwamba limechorwa kwa penseli. Kwenye deraya ya fedha ndo utafurahi zaidi, ule mviringo wa bega utatokea wenyewe. Wapiga picha za matangazo wanafanya hivihivi kwa glasi na chupa mbele ya bakgraundi nyeupe, siku zote. Niwe mkweli, kwenye koti la kitambaa kisichong'aa utaona tofauti ndogo zaidi, pale vibao vinasaidia hasa kwa kuzuia mwanga wa pembeni usifute mikunjo. Sogeza vibao, piga, tazama, sogeza tena.

Uso wa majivu. Hapa nataka ufanye uchunguzi kwanza, fungua picha uangalie mikono na shingo. Kama mikono nayo imepauka sawa na uso, basi ni ule ukungu wa lenzi na eksposha iliyozidi. Kama mikono ina rangi yake nzuri lakini uso peke yake ndo majivu, hiyo ni poda. Poda nyingi za kumalizia zina silika, na krimu za kuzuia jua na baadhi ya faundesheni zina titani dioksaidi au zinki oksaidi, kwa macho huoni kitu lakini flashi ikija kutoka mbele kabisa, kama hiyo yako iliyokaa juu ya kamera, zile chembe zinairudisha moja kwa moja kwenye lenzi. Kwa mtu mweupe haionekani sana, kwa mweusi inapiga kelele. Dawa ni kupima kabla, akimaliza kujipamba apigwe picha moja ya simu flashi ikiwa imewashwa, pale pale nyumbani. Na flashi itoke juu ya kamera, iwe pembeni, ndani ya softboksi, lile boksi la kitambaa linalolainisha mwanga, au mwavuli mkubwa.

Ngozi nyeusi tena inataka taa kubwa kuliko taa nyingi. Umbo la uso mweusi linachorwa na ile ming'ao laini inayopita juu ya shavu, puani na kwenye taya, na ukubwa wa taa ndo ukubwa wa mng'ao, taa ndogo inatoa kitone kikali, softboksi la mita 1 na zaidi linatoa mteremko mzuri. Weka taa hiyo pembeni juu kidogo ya macho yake, na usiipandishe sana kwa sababu wigi za anime zina zile ncha kubwa zinazoning'inia usoni na taa ya juu inazigeuza kuwa paa, macho yote gizani. Chini ya kifua chake weka reflekta, karatasi nyeupe ngumu inatosha kabisa, irudishe mwanga kwenda juu usoni na machoni. Faida yake ni kwamba mwanga huo unaongeza uso bila kuongeza wigi. Halafu nakuomba, usimng'arishe ngozi kwenye kompyuta ili afanane na mchoro. Vazi ndo linamfanya awe mhusika, na weusi wake juu ya weupe wote ule ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye hiyo fremu, ndo pekee penye utofauti wa kweli.

Ukijani wa upande mmoja ni mchanganyiko wa taa. Flashi ina rangi inayokaribia ya mchana, kama kelvini 5500 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, LED za bei nafuu nyingi zinaegemea kijani, na kama juu darini mliacha zile taa za mirija zinawaka basi mna rangi tatu ukutani. Chagua aina moja. Zima taa za dari, zima LED, tumia flashi tupu, au kinyume chake. Ukibaki na flashi piga fremu moja ya majaribio flashi zote zikiwa zimezimwa, shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, f/8, ikitoka nyeusi tii uko salama, hakuna mwanga mwingine unaoingilia. Shata usivuke 1/200 maana kamera nyingi zaidi ya hapo zinaanza kuleta mstari mweusi upande mmoja wa picha. Ukibaki na LED kumbuka umeme wetu ni hezi 50, taa dhaifu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata 1/50 au 1/100, la sivyo utaona michirizi. Rangi uipime kwa kadi ya kijivu iliyoshikwa karibu na uso wake, usiupime ukuta.

Pengine umeona pia koti limetoka na ubuluu na wigi likawa na umanjano kidogo ingawa dukani vyote vilikuwa vyeupe. Vitambaa vyeupe vingi, na sabuni za unga nyingi, vina kemikali za kung'arisha ambazo zinameza miale ya urujuanimno kutoka kwenye flashi na kuitoa kama mwanga wa buluu. Flashi ikipita kwenye kitambaa cha softboksi miale hiyo inapungua. Kinachobaki unakipunguza kwenye kompyuta kwa kushusha kolezo la buluu kwenye koti peke yake, msihangaike kununua koti lingine.

Miguu inaelea kwa sababu ulifuta kivuli, au kilifutika chenyewe ulipopandisha eksposha. Sakafu ni maumivu ya kichwa, ukuta unaweza kuupa taa zake lakini sakafu anayoikanyaga inapata mwanga uleule wake yeye tena kwa mshazari, kwa hiyo itabaki kijivu kidogo siku zote. Usipigane nayo studioni. Ing'arishe baadaye kwa brashi kuanzia pembeni ukija ndani, ukifika karibu na viatu simama, kile kivuli chembamba cheusi kilichogusa soli kiache kama kilivyo, ndo kinachomsimamisha chini. Soli mzifute kabla, au mbandike selotepu nyeupe chini yake, kuliko kuja kufuta nyayo moja moja usiku. Na kama studio ina ule ukuta uliojikunja kuungana na sakafu bila kona, msiupande ule mkunjo hata kwa pozi la kuruka, kwingi ni mbao nyembamba au plasta, ukipasuka ni juu yenu.

Nafasi nayo uipigie hesabu kabla ya kulipa. Kwa sensa yako ndogo na lenzi ya milimita 50, kumpata mtu mzima mwenye wigi la kwenda juu unahitaji karibu mita 5 kutoka kwake, ongeza mita 3 za nyuma yake na mahali pa wewe kusimama, ni chumba cha kama mita 9. Vyumba vingi havifiki. Ukitumia lenzi ya 35 unapunguza umbali lakini inaona ukuta mpana zaidi nyuma, na karatasi za rola za bakgraundi za kawaida zina upana wa mita 2.72, kingo zake zitaingia kwenye fremu. Basi kama chumba ni kifupi piga magotini kwenda juu, hakuna aibu, picha nyingi nzuri za wahusika ni za kiuno.

Sasa maswali yako mawili ya pesa. Fulu fremu hapana. Hesabu niliyokuahidi ni hii, wigi jeupe linakaa kama stopu 2 na kidogo juu ya kijivu cha katikati, uso mweusi unakaa kama stopu 1 au 1 na nusu chini yake, jumla ni kama stopu 4, na sensa ndogo ya hata miaka kumi iliyopita inabeba zaidi ya mara mbili ya hapo ukipiga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaibana. Kama ulipiga JPEG, ile faili iliyokwisha kubanwa, hapo ndo ulijinyima, badilisha leo, ni bure. Pesa ya kamera mpya ingekununulia flashi mbili za ziada, triga ya kuziwasha kutoka kwenye kamera, mwavuli mkubwa, na chenji ikabaki.

Kitambaa cha kijani kwa vazi hili nakukataza. Deraya ya fedha inarudisha kila inachokiona, itakuwa ya kijani, na wigi jeupe litanyonya ukijani kwenye kila ncha, utakaa siku kadhaa unasafisha. Zile programu za kufuta bakgraundi kwa bonyezo moja nazo zinakula ncha za wigi. Kama lengo ni kumkata umweke kwenye mandhari nyingine, mpige mbele ya kijivu, na kijivu tayari unacho, ni ukuta uleule ukiwa umezima taa zake.

Na hapa niseme ninachokiamini ingawa hujaniuliza. Najua kwa nini watu wa kosplei wanapenda nyeupe, michoro ya wahusika mara nyingi imechorwa juu ya karatasi nyeupe, umbo linasomeka lote kuanzia ncha ya upanga mpaka kisigino, na picha unaweza kuitumia kwenye bango lolote. Kwa vazi jeusi au jekundu ningekuambia nenda nyeupe bila kufikiri. Kwa vazi hili mimi ningezima taa za ukuta, nikauacha uwe kijivu cha kati, taa moja kubwa kwa mbele, reflekta chini, na hapo ndo taa ya nyuma ya nywele inaruhusiwa, ingelifanya wigi liwake. Mwishoni kabisa, kama saa bado haijaisha, ndo ningewasha ukuta na kuleta vibao vyeusi. Mnaweza kutoka na zote mbili kwa siku moja.

Kwa taa ulizonazo leo nyeupe safi ya mwili mzima haitoki vizuri. LED mbili zinaweza kumulika ukuta ila flashi yako moja haitalingana nazo rangi. Kwa hiyo kabla ya kulipia tena wapigie simu studio, waulize flashi ngapi zinaingia kwenye bei, chumba kina urefu gani, wana vibao vyeusi au mje navyo, na kama kuna mtu wa studio anayeweza kukaa nanyi saa ya kwanza. Hilo la mwisho lilipie hata kama ni pesa ya ziada. Kuna vitu kwenye taa huwezi kuvisoma, mpaka mtu asogeze stendi nusu hatua uone ncha ya wigi imetokea. Hapo Nairobi wapiga picha za bidhaa wapo wengi, wale wanaopiga chupa na vipodozi, ukimwomba mmoja umsaidie kazi siku moja atakufundisha weupe kuliko mpiga picha yeyote wa harusi.

Na ukiwa umeshusha shata mpaka 1/125 lakini mstari mweusi bado unatokea, au flashi inawaka mara moja moja hata ukiweka betri mpya, peleka kwa fundi wa kamera. Usiifungue hiyo flashi mwenyewe, ndani kuna kapasita inayoshika volti mia kadhaa hata ikiwa imezimwa na betri zimetolewa.